Mlango wa Kumi na Mbili

Barua ya manispaa ilikuwa imebandikwa kwenye nguzo ya taa kwa siku tisa, na kila aliyeisoma alihuzunika, isipokuwa mtu mmoja.

Barua yenyewe haikuwa ndefu. Ilisema kwamba mtaa wa zamani wa maduka una milango ishirini na minne, na kwamba afisa angefika Jumatatu ya mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi, kuihesabu. Akikuta milango kumi na miwili au zaidi ina leseni, ina bidhaa na ina mwenyewe, mtaa utaachwa uendelee na maisha yake. Akikuta pungufu, mtaa utahesabiwa kuwa umekufa, utavunjwa, na mahali pake patakuwa maegesho ya magari ya wateja wa Jumba la Maduka, lililokuwa umbali wa dakika kumi kwa miguu, ingawa hakuna mteja wa Jumba aliyewahi kuthibitisha hilo kwa miguu yake.

Siku hiyo milango iliyokuwa wazi ilikuwa kumi na mmoja.

Mtu ambaye hakuhuzunika aliitwa Mtaalamu. Utaalamu wa nini, hakuna aliyewahi kuuliza akapata jibu lilelile mara mbili. Alishawahi kuwa mtaalamu wa visima katika mji usio na maji, na mtaalamu wa bima ya mafuriko katika mji huohuo. Alikuwa ameingia hapa Jumanne akiwa na mashati mawili, suti moja ya kijivu na vitambulisho vitatu, akitafuta mtaji wa kumpeleka mji mwingine asikojulikana. Miji ya namna hiyo ilikuwa inazidi kupungua.

Aliisoma barua mara mbili, akafuta vumbi kwenye kiatu kwa kukisugua nyuma ya suruali.

"Watu kumi na mmoja wenye hofu moja," alisema moyoni. "Mungu akupe nini tena?"

Kesho yake, kwa wito wake, wenye maduka wote walikuwa wamekusanyika katika duka la Mama Majora, mjane aliyeuza vitambaa pale kwa miaka thelathini na mmoja. Duka lake lilikuwa kubwa kuliko mengine na ndilo pekee lililokuwa na viti vya kutosha, kwa sababu wateja wa vitambaa huchukua muda kuamua na wengi wao huamua kuondoka. Mtaalamu alisimama katikati, mgongo ukielekea majora ya vitambaa, akawatazama mmoja mmoja kwa upendo.

"Ndugu zangu," alianza, "nimetumwa na makao makuu."

Hakuna aliyeuliza makao makuu ya nini. Maneno hayo yana heshima yake.

"Nimeutazama mtaa wenu. Bidhaa mnazo. Adabu mnayo. Kitu msichokuwa nacho ni watu. Jumba lina watu mpaka linawatapika, nanyi hapa hata inzi anapita bila kusalimia. Sasa mimi kazi yangu ni moja tu. Nauza watu."

Fundi Saa alivua miwani. Alikuwa mzee mwembamba aliyetengeneza saa katika mji ambao kila mtu anatazama saa kwenye simu.

"Biashara hiyo si ilipigwa marufuku?" aliuliza.

"Wateja, mzee wangu. Nauza wateja. Jumamosi ya wiki ijayo, watu elfu mbili, mlangoni kwenu. Ninachoomba ni gharama kidogo tu za maandalizi."

Mama Majora aliinuka kitini, akamsogelea mgeni, akaushika mkono wa koti lake kati ya vidole viwili.

"Koti zuri, mwanangu."

"Asante, mama. La ng'ambo."

Mama Majora aliuachia mkono wa koti. Alikuwa amelijua lile koti kabla halijavuka kizingiti. Kitambaa kile kilikuwa cha mapazia. Yeye mwenyewe alikiuza, jora zima, kwa nyumba moja ya wageni iliyokuja kufungwa. Mwenye macho mazuri angeweza hata kuona kwenye bega alama za mahali zilipopita pete za fimbo ya pazia. Mwanamke mwingine angepiga kelele za mwizi. Mama Majora alifikiri kwa njia nyingine. Mtu anayeweza kuvaa pazia, akasimama mbele ya watu wazima na kuwaambia ametoka makao makuu, ana kitu ambacho mtaa wao ulikuwa umeishiwa nacho, yaani ujasiri. Tena ana miguu miwili, ana kitambulisho bila shaka, na anaweza kusimama ndani ya mlango.

"Gharama utapata," alisema. "Ila pesa hatuna. Hata ukitutingisha kichwa chini miguu juu. Tutakulipa kwa bidhaa."

Mtaalamu alijifanya kufikiri, huku moyo ukimdunda kwa furaha. Bidhaa ni bora kuliko pesa. Angewaita wafanyabiashara wa jumla, angeziuza zote kwa siku moja, na kabla ya Jumamosi kufika angekuwa ameshaingia mitini.

"Makao makuu hawapendi," alisema kwa masikitiko. "Lakini kwa ajili yenu, nitawaelewesha."

Walipeana mikono, na kila mmoja alimhurumia mwenzake.

Bidhaa zililetwa mchana huohuo, kwa mikokoteni. Hapo ni lazima tuseme ukweli juu ya wenye maduka wale, ingawa walikuwa watu wema. Kila duka lina mzigo uliododa, mzigo ambao mwenyewe anaujua kama mtu anavyojua jino lake bovu. Muuza viatu alileta jozi sitini za namba arobaini na sita. Fundi Saa alileta saa za ukutani zinazolia kila robo saa, na zisizoweza kunyamazishwa. Muuza vyombo alileta dazeni nane za chupa za chai zilizochorwa maua ambayo hayajawahi kuota popote. Mwingine alileta miavuli ya pinki. Mama Majora mwenyewe alileta majora kumi na manne ya kitambaa cha rangi ya haradali, alichokinunua mwaka ule mumewe alipofariki, mwaka ambao alikuwa akinunua kitu chochote alichoonyeshwa ili tu mtu aendelee kuzungumza naye.

"Utaviweka wapi vyote hivi?" alimuuliza Mtaalamu kwa upole.

Mtaalamu hakuwa amelifikiria hilo.

"Shemeji yangu ana duka hapo mkabala, amelifunga. Ufunguo ninao. Weka tu humo. Ila askari wa manispaa wakikuta mzigo kwenye duka lisilo na leseni, wanaubeba wote."

"Wote?"

"Mpaka rafu. Lakini usihangaike. Karani wa leseni ni mtoto wa dada yangu, nimeshamwita. Lete kitambulisho."

Mtaalamu aliingiza mkono mfukoni, akatoa vitambulisho vyake vitatu kwa bahati mbaya, vimeshikana. Mama Majora alivitazama bila kushtuka, kama mtu anayechagua vifungo.

"Hicho kilichochakaa," alisema. "Hivyo viwili vipya karani atavitilia shaka."

Basi siku ile, kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita, Mtaalamu aliandika jina lake halisi kwenye karatasi ya serikali. Alijiambia kwamba haina neno, kwa kuwa siku mbili zijazo jina hilo lingekuwa limeshapanda basi pamoja naye.

Mfanyabiashara wa jumla wa kwanza alikuja asubuhi, akaitazama miavuli, akaomba maji ya kunywa, akaondoka. Wa pili alifika wakati saa zote zilipokuwa zinalia, na hakuingia ndani. Wa tatu alikuwa mtu mstaarabu. Alizunguka duka zima, akapima kiatu kimoja kwa mkono wake, akakirudisha taratibu mahali pake.

"Ndugu yangu," alisema, "mzigo huu unamngoja mjinga. Na nadhani ameshapatikana."

Mtaalamu alikaa juu ya boksi la chupa za chai mpaka jioni. Hakuwa amewahi kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Gunia lilikuwa lake siku zote. Nauli hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni duka zima la vitu visivyonunulika, na ahadi ya watu elfu mbili. Alizunguka kila upande wa jambo hilo akitafuta dirisha la kutorokea, akagundua kwamba njia pekee ya kupata pesa ni kuitimiza ile ahadi. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwa amewahi kufikia hali mbaya kiasi hicho.

Alhamisi ya wiki iliyofuata akaenda Jumbani.

Alikuta watu wamejaa, wakitembea polepole ndani ya ubaridi wa viyoyozi. Walipanda ngazi za umeme, wakafika juu, wakashuka. Walijipiga picha mbele ya viatu wasivyokusudia kuvinunua. Familia moja ya watu watano ilikuwa imenunua chupa moja ya maji na ilikuwa inaipokezana kwa nidhamu. Mtaalamu aliwatazama kama mkulima anavyotazama shamba. Kisha akapanda ngazi za umeme, akaweka sikioni simu iliyokuwa imezimika chaji tangu jana yake, na kuanza kunong'ona kwa sauti ya kusikika hadi ghorofa ya pili.

"Hapana, usije na mtu... Nakwambia Jumamosi, mtaa ule wa zamani. Milango kumi na miwili tu... Bei? Bei hazijaandikwa, wanakutazama usoni kwanza... Ndiyo, wanachagua. Juzi wamemkataa mke wa mkurugenzi. Amelia garini kwake... Sasa nakuomba, usimwambie mtu. Hawa watu wa Jumbani wakisikia, tumekwisha."

Akafika juu, akashuka, akapanda tena. Safari ya tano, mwanamke mmoja aliyevaa miwani ya jua juu ya nywele alimgusa bega.

"Samahani kaka, huo mtaa uko wapi hasa?"

"Mtaa gani?"

"Nimekusikia."

"Dada yangu, mimi sijasema kitu." Alitazama kushoto na kulia, akashusha pumzi. "Basi, kwa kuwa wewe unaonekana mtu wa siri. Nyuma ya posta ya zamani. Lakini tafadhali, usiende na mashoga zako."

Alikwenda nao kumi na mmoja, na kila mmoja wao alikuwa ameapishwa asimwambie mtu.

Jumamosi, kufikia saa tatu asubuhi, mtaa ulikuwa haupitiki. Watu walikuja kwa magari, wakayaacha mbali, wakatembea, na baadhi yao walishangaa kuona kwamba miguu bado inafanya kazi. Mama Majora alisimama mlangoni pake, akashika fremu ya mlango kwa mkono mmoja. Miaka minane hakuwa ameona watu wakigombania kuingia. Machozi yalimlengalenga, akayafuta kwa ncha ya kitambaa, kisha akageuka na kuanza kuwa mkali, maana huruma haiuzi.

"Hii rangi si ya kila mtu," alimwambia yule mwenye miwani ya jua, akimwonyesha haradali.

"Kwani mimi nina nini?"

"Sijasema kitu. Naweza kukuonyesha nyeupe."

"Nataka hiyo!"

Jora la kwanza likaisha hapo.

Fundi Saa naye alikuwa ameamka. "Hii inalia kila robo saa," alimweleza kijana mmoja mwenye suti.

"Kwa nini?"

"Ili ujue wakati hauna mchezo."

Kijana alinunua tatu, moja yake na mbili za wafanyakazi wake.

Sasa, pale mtaani kulikuwa na desturi moja ya kazi ambayo Mtaalamu hakuijua. Mwenye duka wa mtaa ule hasemi "hakuna." Ukimwomba fundi wa saa mwavuli, atakuwekea kiti, atakwambia, "Kaa, ngoja nikuletee," kisha atatokea mlango wa nyuma, atakwenda kwa jirani, atauchukua, na kukuuzia kama uliokuwa stoo kwake tangu zamani. Jirani naye atakuja kuchukua kwake siku nyingine. Hakuna anayeandika. Ndivyo walivyoishi, na ndivyo walivyomvamia Mtaalamu kutwa nzima.

"Bwana, naomba chupa sita, mteja kakaa!"

"Chukua, chukua!"

"Jirani, viatu jozi nane! Nimewaambia ndio mtindo, mguu upate kupumua!"

"Beba!"

Mtaalamu alicheka hadi mbavu zikamuuma. Alikuwa akisikia jinsi walivyodanganya, na baadhi ya uongo wao ulikuwa mzuri mno, mpaka akaona wivu. Kufikia alasiri rafu zote zilikuwa nyeupe. Basi la mbali lilikuwa linaondoka saa kumi na mbili jioni. Alifunga mlango kwa ndani, akapangusa jasho, akavuta droo.

Ndani mlikuwa na pesa za miavuli miwili aliyoiuza mwenyewe, na kifungo.

Alivuka barabara mbio. Mama Majora alikuwa amekaa, ameweka miguu juu ya kiti, anajipepea kwa kipande cha kadibodi.

"Mama, mzigo wangu!"

"Umekwenda wote, mwanangu. Hongera sana."

"Mmeuza ninyi! Pesa mnazo ninyi!"

"Ndiyo. Na tutakulipa, nani amekataa? Jumatatu asubuhi. Kesho tunapumzika."

"Pesa taslimu."

Mama Majora alimtazama kana kwamba ametukanwa. "Bidhaa. Watu wa mtaa mmoja walipane pesa, sisi ni maadui?"

Basi la saa kumi na mbili liliondoka kwa wakati wake. Mtaalamu alilisikia likipiga honi.

Jumatatu, ile ya mwisho wa mwezi, saa mbili asubuhi, mikokoteni ilirudi. Safari hii haikuwa na mzigo uliododa. Kulikuwa na sufuria za kila ukubwa, viatu vya namba ambazo watu wanazo, saa zinazonyamaza. Mama Majora alikuja wa mwisho, akamwekea mezani mita tatu za kitambaa cha kijivu.

"Hiki ni cha suti," alisema. "Cha kweli."

Mtaalamu aliutazama mkono wa koti lake. Damu ilimpanda usoni.

"Tangu lini?"

"Tangu uliponiamkia."

Akaondoka, akimwacha peke yake na bidhaa safi ambazo mfanyabiashara yeyote wa jumla angezichukua kabla ya adhuhuri. Mtaalamu alizitazama. Wazo lilimjia lenyewe, kama mbwa anayejua njia ya nyumbani. Simu moja tu, gari moja tu. Alikuwa ameshaanza kutafuta namba wakati afisa wa manispaa alipokunja kona, na kalamu yake mkononi.

Afisa alihesabu bila haraka. Leseni, bidhaa, mwenyewe. Alipomaliza wa kumi na moja alisimama mbele ya mlango wa kumi na mbili, akatazama ndani.

"Duka hili la nani?"

Mtaalamu aliinua macho, akamwona Mama Majora ng'ambo ya barabara. Ule ujanja wote ulikuwa umemtoka usoni. Alikuwa mwanamke mzee, ameshika mkasi wa kukatia vitambaa kwa mikono yote miwili, anangoja kuambiwa kama kesho atakuwa na mahali pa kwenda. Hakumwonyesha ishara yoyote, hakumkonyeza. Aliogopa tu, na Mtaalamu alijua hofu ya kweli anapoiona, kwa kuwa ndiyo iliyomlisha miaka yote.

"Ukisema si langu," alijiambia, "uko huru." Na mwili wake wote ulikubali, isipokuwa mdomo.

"Langu," alisema.

Kwa kuwa lilikuwa neno la kweli, lilimtoka vibaya, kwa kigugumizi, mpaka afisa akamtilia shaka.

"Una hakika?"

"Leseni hiyo hapo ukutani."

Afisa aliisoma, akaomba kitambulisho, akalinganisha picha na sura, akasikitikia zote mbili. "Unajua kwamba ukifunga kabla ya mwaka kuisha, tunarudi kuhesabu upya?"

Watu kumi na mmoja walimtazama Mtaalamu kwa macho ya upendo, yaani kama watu wanavyotazama mali yao.

"Sikujua," alisema. "Lakini sasa najua."

Afisa aliandika kumi na mbili, akaibandua ile barua kwenye nguzo, akaenda zake. Fundi Saa alipiga kigelegele, jambo ambalo halikutegemewa kwake. Mama Majora alikaa kwenye ngazi ya duka lake, akalia kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha.

Alipomaliza, Mtaalamu alikuwa amesimama mbele yake.

"Mama, mmeniingiza mjini."

"Mjini ulishaingia mwenyewe, mwanangu. Sisi tumekuingiza mtaani."

Usidhani alikata tamaa mara moja. Wiki ile alipanga kutoroka mara nne, kwa mipango mizuri ambayo ingeheshimika popote. Lakini kila alipotaka kufunga mzigo wake, mzigo wake ulikuwa kwa jirani, na uliokuwa dukani kwake ulikuwa wa jirani mwingine, na mlangoni palikuwa na mteja amekaa kwenye kiti, anasubiri. Mwizi hawezi kuiba kitu kisichotulia.

Ijumaa asubuhi Mama Majora alimletea ufagio.

"Zamu ya kufagia barabara huanza na mlango mpya," alisema.

Mtaalamu aliupokea. Alikusudia kufagia mbele ya duka lake tu, akajikuta amefika kwa Fundi Saa, kisha kwa muuza viatu, akikwangua uchafu kwenye nyufa kwa ncha ya kiatu. Alikuwa anaunyoosha mgongo wakati kijana mmoja aliyebeba mfuko wa Jumbani alipopita akimenya chungwa, akadondosha ganda pale palipotoka kufagiliwa.

"Wewe!" Mtaalamu alifoka, na sauti yake ilimshtua mwenyewe. "Okota hiyo! Hapa si Jumbani, hapa kuna wenyewe!"